Simu ya Mtoto: Ulinzi au Upelelezi?

Katika wilaya za Handeni na Korogwe simu ya mkononi imekwisha kuwa chombo cha kila nyumba. Mkulima wa mahindi huulizia bei kwayo, kibarua wa shamba la mkonge hupokelea fedha kwayo, na jioni, kazi zinapokwisha, simu hiyo hiyo huangukia mikononi mwa mtoto. Shuleni mwanafunzi hakubaliwi kuwa nayo, lakini nyumbani na wakati wa likizo mambo ni mengine. Hapo ndipo mzazi, akiwamo mtumishi wa umma na mwalimu mwenyewe, anapojiuliza: mtoto huyu anazungumza na nani, na anatazama nini?

Swali hilo ni la haki. Utafiti uliofanywa nchini na mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF, na kutolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa umri wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, 4 walikuwa wamefikwa na vitendo vizito vya kunyanyaswa kingono kwa njia ya mtandao katika muda wa mwaka mmoja. Aidha, ulibainisha kwamba mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari. Kwa hiyo hatari haitoki ng'ambo peke yake. Yaweza kutoka mtaa wa pili, Manundu au Chanika.

Kutokana na hofu hiyo, wazazi wengi wameanza kutafuta programu za kumchunga mtoto simuni. Programu hizo ni za namna mbili, na kutozitofautisha ndiko kunakoleta madhara.

Namna ya kwanza ni ya ulinzi wa wazi. Mfano wake ni Family Link, iliyotolewa na kampuni ya Google mwaka 2017, ambayo haina malipo. Kwayo mzazi huweka kikomo cha saa za kutumia simu, huifunga usiku, huidhinisha programu kabla mtoto hajaipakua, na huona simu ilipo. Haimpi mzazi nafasi ya kusoma ujumbe wa mtoto, na mtoto mwenyewe anajua kwamba analindwa. Kampuni ya Apple nayo iliweka mpango wa aina hiyo ndani ya simu zake mwaka 2018.

Namna ya pili ni ya upelelezi. Programu huingizwa kwa siri, hujificha, kisha hunakili ujumbe, picha na mazungumzo ya mtoto na kuyapeleka kwenye mitambo ya kampuni iliyo nje ya nchi. Huko hayako salama. Taarifa zilizokuwa mikononi mwa kampuni ya mSpy zilivuja mwaka 2015, zikavuja tena mwaka 2018 na mwaka 2024. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani iliipiga marufuku kampuni ya SpyFone kuendelea na biashara hiyo. Mzazi aliyekusudia kumsitiri mwanawe na macho ya walimwengu huenda akawa ndiye aliyemwanika.

Lakini hata kama siri hizo zisingevuja kamwe, upelelezi ungebaki na kasoro kubwa zaidi. Yachukuliwe mfano wa mwalimu aliyepangiwa kazi Sindeni, ambaye binti yake anakaa kwa shangazi yake Korogwe kwa ajili ya masomo. Mwalimu huyo anamwekea binti programu ya siri. Siku moja anasoma ujumbe wa mwanamume mtu mzima, mtu wa karibu na familia, akimtaka binti ampelekee picha. Anapanda basi kwa hasira, na wa kwanza kuadhibiwa ni binti. Somo analolipata mtoto huyo ni moja tu: ajifunze kuficha zaidi. Kesho ataazima simu ya rafiki, na mwanamume yule, akiisha kupata habari, atafuta ushahidi na kwenda zake. Kama pangekuwako makubaliano ya wazi tangu mwanzo, na binti akijua kwamba akisema hatapigwa, angalikuwa yeye wa kwanza kumpigia baba yake simu.

Jambo hili lina msingi katika sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtwika mzazi wajibu wa kumlinda mtoto, na papo hapo inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake. Ulinzi na kusikilizwa ni haki mbili zinazokwenda pamoja.

Tena haifai kusahau kwamba watoto wengi wa wilaya hizi hawana simu zao. Hutumia ya mama au ya baba. Kwa familia hizo ushauri wa kununua programu ni maneno matupu. Hatari ya kwanza kwao ni kwamba simu aichezeayo mtoto ndiyo yenye akiba ya nyumba. Namba ya siri ya fedha isijulikane kwa mtoto, na simu ifungwe kwa neno la siri. Zaidi ya hayo, simu nyingi za Android zina njia ya kuibakiza katika programu moja tu, mathalani ya masomo, hadi mwenyewe aifungue. Njia hiyo haihitaji bando wala malipo.

Kwa yule mwenye uwezo wa kumpa mtoto simu yake, maswali ya kujiuliza kabla ya kuchagua programu ni manne. Je, mtoto ataambiwa? Je, mzazi anaelewa jinsi inavyofanya kazi, au amemwachia fundi kila kitu, pamoja na neno la siri? Je, taarifa za mtoto zinapelekwa wapi? Na je, ulinzi huo utalegezwa kadiri mtoto anavyokua? Programu isiyopata jibu jema kwa swali la kwanza haina haja ya kuulizwa mengine.

Mkono mmoja haulei mwana. Mkuu wa shule anayeitisha mkutano wa wazazi kuzungumzia chakula na madawati hashindwi kutenga nusu saa kwa ajili ya simu. Mwalimu kijana anayeijua Family Link amwonyeshe mwenzake, na ofisa maendeleo ya jamii alifikishe suala hili vijijini. Kila mtoto afundishwe kuwa namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure, na kwamba polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zikuze akili ya kudadisi. Mtoto aliyelelewa kwa kuchungulizwa hujifunza kukwepa macho. Aliyelelewa kwa kuaminiwa na kuelekezwa hujifunza kujiongoza, na huyo ndiye atakayekuwa salama hata siku bando la mzazi litakapokwisha.