MASAFA NI MALI YA UMMA

Mfanyakazi wa bandarini Dar es Salaam apokeapo mshahara wake, siku hiyo hiyo huwatumia wazee wake fedha kwa simu. Fedha hufika mara moja. Lakini ikiwa kijiji chao hakina mnara, mzee hana habari nazo mpaka apande kilima au kichuguu kutafuta mtandao. Mtoto huyo na mzazi wake ni raia wa nchi moja. Kwa nini basi mmoja apate mawasiliano akiwa kitini, na mwingine ayafuate kilimani?

Simu za mkononi ziliingia nchini mwaka 1994, nazo zilianzia Dar es Salaam. Hilo si ajabu: mfanyabiashara huenda penye wanunuzi wengi. Mnara wa Kariakoo huhudumia maelfu ya watu. Mnara wa porini huhudumia kaya chache, na pasipo umeme huendeshwa kwa jua au kwa dizeli iliyosafirishwa katika njia mbovu. Kumlaumu mfanyabiashara kwa kupiga hesabu zake hakutajenga mnara hata mmoja. Wajibu huo ni wa Serikali.

Na Serikali haikulala. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutoa ruzuku kwa makampuni yakubaliyo kujenga mahali pasipo faida. Mwezi wa Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata 713. Twaisifu hatua hiyo. Lakini mkataba si mnara, na mnara usiowashwa haumfai mwananchi kitu.

Liko jambo kubwa zaidi. Simu haiwezi kunena pasipo masafa ya redio, na masafa hayo, kama ilivyo ardhi, ni mali ya umma. Kampuni hupewa leseni ya kuyatumia tu. Oktoba 2022 Mamlaka ya Mawasiliano iliyanadi, zikapatikana dola za Marekani zipatazo milioni 187. Fedha ni kitu chema. Lakini kampuni iliyolipa ghali mnadani hutaka kwanza kurudisha fedha yake mjini, na kijiji huambiwa kingoje.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: katika minada ijayo, sehemu ya bei ilipwe kwa minara. Masafa ya megahezi 700 hufika mbali kuliko yale ya juu. Basi anayeyataka na avitaje vijiji atakavyovihudumia, kwa majina na kwa tarehe. Asipotimiza ahadi, masafa yarudi kwa wenyewe.

Orodha ya vijiji hivyo ibandikwe katika kila ofisi ya kata. Nanyi, ndugu wanachama wa matawi ya vijijini, isomeni, na siku ya ahadi ikipita bila mnara kuwashwa, simameni mkutanoni mkaulize. Asiyeulizia mali yake hana wa kumlilia ikipotea.