Zippy Kimundu na hii hadithi ya "filamu za wazungu"

Jamani, nimechoka na hii hoja. Kila Mkenya aliyesomea filamu ng'ambo akitoa kazi yake, hakosi mtu wa kusema, "Hiyo ni ya wazungu, ya kupeleka kwenye tamasha zao." Juzi nimeisikia tena, safari hii ikimlenga Zippy Kimundu. Ukimbana msemaji, filamu yenyewe hajaiona.

Ni kweli Zippy alisoma mbali: shahada ya uzamili katika shule ya sanaa ya Tisch, ya New York University, kwenye tawi lililokuwa Singapore. Lakini tazama alikoelekeza kamera. Aliongoza pamoja na Mira Nair filamu fupi juu ya Robert Katende, mwalimu wa sataranji wa Katwe, Kampala. Katwe nayo ni Ulaya?

Halafu ikaja Our Land, Our Freedom, aliyoiongoza na Meena Nanji. Ndiyo, ilizinduliwa Amsterdam, tamasha la IDFA, Novemba 2023. Inamfuata Evelyn Wanjugu Kimathi akitafuta mabaki ya babake, Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 akazikwa pasipo alama. Mama Mukami aliyadai mabaki hayo miaka na miaka, akafariki Mei 2023 bila kumzika mumewe. Hapo anayeulizwa maswali ni mzungu! Na serikali zetu pia, maana Mau Mau walibaki kundi haramu katika sheria za Kenya huru hadi 2003.

Mimi ni ripota wa gazeti, najua tunavyofanya. Kwetu Kimathi ni habari ya Februari: picha ya sanamu yake mjini, aya nne, tumemaliza. Mwambie mhariri unataka kumfuata binti wa Kimathi kwa miaka kadhaa, atakuuliza kama ulilala vizuri. Vituo vya TV navyo vinalipia telenovela. Dokumentari ni muda, na muda ni nauli, kamera, mhariri wa picha, malipo ya picha za kale. Nani hapa nyumbani anatoa hizo pesa?

Sikatai, mfadhili wa nje huja na matakwa yake, na zipo filamu ambamo yanaonekana waziwazi. Basi taja filamu, taja sehemu. Wewe unayesema hii ni ya wazungu, itazame kwanza mpaka mwisho, kisha njoo hapa unionyeshe ni dakika ya ngapi.