Nani atanisimamia? Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,

Nakuandikia kutoka duka la fotokopi, Wandegeya, Kampala, vyeti vyangu vikipita mashineni kwa mara ya nne mwaka huu. Naomba uzamili wa sayansi ya udongo. Transkripti ninayo, wa kunipendekeza wapo. Ninachokosa ni msimamizi.

Swali langu la utafiti limetoka nyumbani, Bukoba. Kibanja, shamba la migomba, udongo wake ni mweusi na laini. Ukivuka mpaka wake tu unakanyaga rweya, nyasi juu ya udongo uliochoka. Mwamba chini ni ule ule. Tofauti ni samadi, na nyasi ambazo bibi zetu walizibeba kichwani miaka nenda rudi. Sasa boma la ng'ombe likibaki tupu, kibanja kitadumu mpaka lini?

Niliwaandikia walimu tisa wa vyuo mbalimbali. Sita kimya. Mmoja alijibu kwa upole kwamba alistaafu miaka minne iliyopita. Jina lake bado lilikuwa kwenye orodha ya idara. Mwingine huchunguza chumvi katika mashamba ya umwagiliaji. Wa tisa aliuliza nitakuja na fedha gani za maabara. Simlaumu, kupima sampuli ni gharama.

Lakini kuvuka mipaka kwa ajili ya udongo si jambo geni. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo wa Amani, Usambara (mkoloni, ndiyo, lakini udongo aliujua), mwaka 1936 alitoa ramani moja ya muda ya udongo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ndiye aliyeleta neno katena, yaani mnyororo. Shuka kilima hapa Kampala uuone: udongo mwekundu, changarawe, kisha mfinyanzi wa kijivu kwenye mafunjo. Aliyaweza hayo bila barua pepe.

Mei 2017 wakuu wa nchi zetu walitangaza eneo moja la elimu ya juu, na Baraza lako liko papa hapa Kampala. Naomba orodha moja ya wasimamizi wa udongo, wa vyuo vilivyoko Kabanyolo, Morogoro, Kabete na kwingineko: nani anachunguza nini, ana nafasi ngapi, maabara inalipiwa na nani. Ipitiwe kila mwaka, na aliyestaafu aagwe kwa heshima.

Sampuli zangu kumi na mbili, sita za kibanja na sita za rweya, ziko uvunguni mwa kitanda cha mama, Bukoba. Zimeshakauka.

Wako,
Mwombaji, Wandegeya