Mnyonyaji wa kijijini ni mimi pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya faida na hasara za kuishi chini ya ubepari. Neno lenyewe siku hizi halisemwi sana. Twasema soko huria. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara, mahali ambapo mtu akitaja fedha ana maana ya korosho. Kwa hiyo nitasema juu ya korosho.

Nianze kwa kuutendea haki huo ubepari, maana wapo wenzangu wanaoulaani huku wamevaa viatu vyake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Ugonjwa wa ubwiri unga ulichangia, lakini si peke yake. Watu walihamishiwa katika vijiji vipya wakaiacha mikorosho yao mbali, vyama vya ushirika vilifutwa mwaka 1976 hadi viliporudishwa mwaka 1982, na bei ilipangwa bila mkulima kuulizwa. Baba yangu hukumbuka kwamba hata alipolipwa, dukani hapakuwa na sabuni wala shuka ya kununua. Sasa mtu apalilie mkorosho ili apate nini? Aliliacha shamba likawa pori. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1990 alirudi na panga lake, wala hakuna aliyemhutubia. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, na bei mnadani ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Anayetaka turudi kwenye foleni ya sabuni aende peke yake.

Lakini mwaka 2018 wanunuzi walikuja na bei ya chini ya shilingi 3,000, wakulima wakakataa kuuza, Serikali ikatangaza shilingi 3,300 na kutuma jeshi kusomba korosho. Tena korosho nyingi huondoka ghafi, zikabanguliwe India na Vietnam. Hayo yamesemwa mara nyingi, siyarudii.

Ninalotaka kusema ni jambo dogo lililo karibu zaidi. Soko humpa bei nzuri mtu anayeweza kusubiri. Minada yetu huanza Oktoba. Njaa huja kati ya Januari na Machi, wakati chakula cha ghalani kimekwisha na kipya hakijakomaa. Hapo ndipo kangomba huingia. Kwa msomaji wa mbali: kangomba ni kununua korosho nje ya chama, mara nyingi kabla mkorosho haujatoa hata ua, kwa fedha kidogo, na wengine hupimia bakuli linaloitwa kilo ambalo kwa kweli lazidi kilo. Sheria inakataza. Tukilisikia neno hilo tunamfikiria mfanyabiashara wa mjini mwenye lori. Ndugu Mhariri, hata mimi nimefanya.

Machi 2021 mama mmoja, jirani yangu, alikuja nyumbani jioni. Mumewe alikuwa mgonjwa, na mtoto wao alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Akasema, "Mwalimu, nisaidie elfu sitini, nitakulipa korosho." Kilo moja kwa kila shilingi elfu, ndiyo desturi, wala hakubisha. Oktoba alileta kilo sitini. Nilizipeleka chamani kwa jina langu, maana nina mikorosho michache ya urithi, na mnadani bei ilizidi shilingi 2,000. Fedha yangu ilizaa mara mbili kwa miezi saba. Sikupalilia, sikupuliza salfa, sikuokota. Faida ilikwenda kwenye mabati, nayo mabati hayo yako juu ya kichwa changu ninapoandika barua hii.

Mwezi uleule nilifundisha darasani maana ya unyonyaji. Nilichora kupe ubaoni. Mtoto wa mama yule, aliyekaa dawati la pili, alimnakili kupe vizuri sana, nikamwandikia vema.

Wapo watakaosema nilimsaidia, kwani nisingempa wangelala njaa. Ni kweli, na hapo ndipo penye ugumu. Sikumwibia, alikuja mwenyewe, tukakubaliana, akanishukuru. Ubepari hauhitaji fimbo. Tofauti yetu ilikuwa kwamba mimi nina mshahara kila mwisho wa mwezi, na hati ya mshahara ambayo benki inaipokea, na yeye ana shamba la mikorosho ambalo hakuna benki iliyolitazama. Kwa mali, yeye amenizidi. Alichokosa ni fedha ya mwezi Machi tu.

Kwa sababu hiyo siamini kwamba kuwakamata makangomba kutatosha. Ukimkamata mwalimu atakuja mwenye duka, na kwa kuwa hatari imeongezeka, atataka kilo mbili kwa elfu moja. Napendekeza kila chama cha msingi kikubaliane katika mkutano mkuu kuweka kando shilingi 20 kwa kila kilo, iwe akiba ya miezi ya njaa. Kijiji kinachouza tani 300 kitapata shilingi milioni 6, yaani mikopo ya shilingi 60,000 kwa kaya 100, kwa riba ndogo, irudishwe wakati wa mnada. Najua wakulima wamechoka na makato, na watauliza nani atashika ufunguo wa sanduku. Swali hilo ni la haki. Mimi nasema washike akina mama, maana ndio wanaobisha hodi jioni, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi.

Nitalipeleka jambo hili katika mkutano wa chama chetu, nikijua kwamba watakuwapo watakaoniuliza habari za mabati. Kama kuna kijiji huko Masasi, Newala au Liwale kilichokwisha jaribu, naomba mwenyeji wake aandike hapa atueleze kama fedha zilirudi au hazikurudi.

Mwalimu wa Kijijini,
Tandahimba, Mtwara.