Bango la Tovuti Yetu Lisikate Watu Vichwa

Naomba nafasi kidogo katika jarida letu nitoe dukuduku langu kuhusu ile picha ndefu iliyoko juu kabisa ya tovuti ya shule. Wengi mmeiona. Nawaambia mapema kwamba aliyeikata ni mimi mwenyewe, kwa hivyo msidhani ninamnyooshea mtu kidole.

Mambo yalianza hivi. Muhula wa kwanza shule ilipata tovuti, na sisi wanafunzi wa kompyuta tukapewa kazi ya kutengeneza bango lake. Nafasi yenyewe ilikuwa na upana wa nukta 1920 na kimo cha nukta 480, yaani upana ni mara nne ya kimo. Picha tuliyokuwa nayo ilipigwa kwa simu, nukta 4000 kwa 3000. Mbele walimu wameketi, katikati sisi wanafunzi tumesimama, na nyuma kabisa, juu ya mabenchi, viranja pamoja na wapishi na bawabu. Nyuma yao ni chai, na juu ni mbingu.

Kwanza nililazimisha. Niliiambia programu iingize picha yote katika nafasi ile, ipende isipende. Lo! Walimu wetu wakawa wafupi na wapana kama magunia ya majani chai yanayongoja lori. Hesabu yake si ngumu: upana ulipungua ukabaki karibu nusu, lakini kimo kikabaki chini ya moja kwa sita. Kila mtu akaonekana mnene mara tatu. Tulicheka mpaka machozi, kisha tukaambiwa tuikate.

Basi nikakata. Ukitaka upana wote wa nukta 4000 ubaki, kimo unachoruhusiwa ni nukta 1000 peke yake kati ya zile 3000. Theluthi mbili za picha zinakwenda na maji. Nikaupandisha ule mstari, nikauteremsha, nikaupandisha tena. Walimu lazima wabaki, hapo hapakuwa na mjadala. Sisi wa katikati tulijipendelea, nasi tukabaki. Mstari wa juu ukapita shingoni mwa wale waliosimama kwenye mabenchi.

Mmoja wao ni mama mpishi wetu, ambaye sote humwita Kogo. Siku ile ya picha alikuwa amevaa kitambaa kipya cha kichwa. Tovuti ilipofunguliwa aliniita dirishani pa jikoni wakati wa chakula, akatoa simu yake kwenye mfuko wa aproni, akaniomba nimtafutie hiyo picha. Nikamtafutia. Akaitazama kitambo, akauliza, "Sasa mjukuu wangu, mimi ni huyu wa aproni? Kichwa kimeenda wapi?" Akacheka, akanipakulia githeri. Mimi sikucheka.

Tangu siku hiyo nimewaza sana juu ya haya mabango. Nimegundua kwamba bango refu hupenda vitu vilivyolala. Chai yetu imelala. Huchumwa ikawa bapa kama meza, kilima baada ya kilima, kutoka Kericho hadi Bomet, na ukiikata juu na chini bado ni chai. Binadamu naye amesimama. Nadhani ndiyo sababu mabango mengi ya kwetu yanaonyesha kijani kitupu, ama mikono miwili iliyoshika majani mawili na kichipukizi, na mwenye mikono hayupo.

Msidhani ni jambo dogo la kijijini. Mnamo Januari 2020, Vanessa Nakate wa Uganda, anayetetea mazingira, alipigwa picha huko Davos, Uswisi, pamoja na wasichana wanne Wazungu, akiwemo Greta Thunberg. Shirika la habari la Associated Press lilipoitoa picha, wale wanne walikuwepo, yeye ameondolewa. Alikuwa amesimama pembeni. Ilielezwa kwamba jengo lililokuwa nyuma yake liliharibu mpangilio wa picha. Ulimwengu ulilalamika, na shirika likajuta hadharani. Yule aliyekata huenda alikuwa akitazama jengo tu, kama mimi nilivyokuwa nikitazama mstari wangu. Lakini aliyeondolewa ni mtu.

Chai hupogolewa kila baada ya miaka michache ikachipuka upya. Picha haichipuki. Ukiikata na kuihifadhi juu ya ile ya asili, umeipoteza. Bahati yetu ni kwamba ya asili bado imo katika simu ya mwalimu.

Wapo watakaosema ati bango ni pambo tu. Hebu ingekuwa ni mwalimu mkuu aliyekatwa kichwa, lingebaki pambo?

Njia ya kurekebisha ipo. Picha nzima ikipunguzwa bila kulazimishwa mpaka kimo kiwe 480, upana wake unakuwa 640, yaani theluthi moja kamili ya bango. Theluthi mbili zilizobaki tuzipake rangi ya sweta zetu na kuandika jina la shule. Rafiki yangu mmoja anapinga kwamba nyuso zitakuwa ndogo mno. Hapo ana haki. Kwenye simu ambayo kioo chake kina upana wa nukta 360, bango kama letu hubaki na kimo cha 90 tu, na vichwa vya watu huwa kama punje za wimbi.

Kwa hivyo mimi naona afadhali tupige nyingine. Watu wajipange mstari mmoja mrefu, mpiga picha arudi nyuma, aache nyasi tele chini na mbingu tele juu, maana hizo ndizo za kukatwa. Kwenye ncha zote mbili iachwe chai tupu, asisimame mtu.

Kogo anastaafu mwisho wa muhula huu. Naomba siku ya kufunga shule, kabla hatujatawanyika kwenda nyumbani, tujipange mbele ya jikoni naye akae katikati. Mabenchi yabaki darasani.