Gari Dogo la Umeme: Udogo Si Aibu, Usiri Ndio Hasara



Miritini, kwa jirani zetu wa hapa Mikindani, kipo kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Humo yameunganishwa mabasi ya umeme ya BasiGo, na pia Air EV Yetu, gari dogo la milango miwili na viti vinne. Gari la umeme si habari ya ng'ambo tena. Familia inayojikusuru kununua gari lake la kwanza na ijiulize mapema: katika gari la bei ya chini, upungufu upi unavumilika, na upi haufai kuvumiliwa?

Udogo unavumilika. Mwaka 2020 huko China lilitoka Wuling Hongguang Mini EV kwa yuan 28,800. Lilikwenda kilomita 120 tu kwa chaji moja, nalo likanunuliwa kwa wingi, kwani wanunuzi walizijua safari zao. Nasi tuzihesabu zetu. Kuwapeleka watoto shule, kupitia soko la Kongowea na kurudi Mikindani, kwa siku nyingi hakuzidi kilomita 40. Mwendo huo hutaka takriban uniti 6 za umeme. Tukikadiria uniti kwa shilingi 30, ni shilingi 180. Gari dogo la petroli litataka karibu lita 3. Arusi ya Malindi, kilomita 120 kutoka hapa, twaweza kuiendea kwa matatu. Si busara kulipia betri kubwa mwaka mzima kwa ajili ya arusi mbili.

Lisilovumilika ni usiri wa betri. Gari la umeme kuukuu linaloonekana sana katika nchi yetu ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010. Betri yake haina mfumo wa kuipoza, na joto huichakaza. Mwaka 2012 wenye Leaf katika jimbo la Arizona, Marekani, walilalamika kwamba betri zao zilipungua nguvu upesi. Joto la Mombasa halifikii la huko, lakini nasi hatuna majira ya baridi ya kuipumzisha betri.

Tukumbuke pia kwamba sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa gari kuukuu lisilozidi miaka 8, na miaka 8 ndio muda wa waranti ya betri kwa makampuni mengi. Basi gari laweza kushuka bandarini siku zile zile ahadi ya mtengenezaji inapokwisha. Rangi huweza kung'arishwa na viti vikafuliwa, betri haifuliwi.

Katika Leaf, tazameni vistari 12 vya uwezo wa betri kwenye dashibodi. Cha kwanza kikizimika, karibu asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Lakini wajanja huweza kuvirudisha, hivyo fundi wenu, si wa muuzaji, aipime betri kwa kifaa chake. Kisha liendesheni gari kilomita 20, kiyoyozi kikiwaka, mkaone chaji imeshuka kiasi gani. Mama aliyevaa buibui mwezi wa Februari hawezi kuambiwa azime kiyoyozi ili afike nyumbani.

Jambo la pili ni mahali pa kuchaji. Mpangaji wa ghorofa ya tatu hawezi kuteremsha waya dirishani, na wanaotumia mita moja na majirani hawana budi kupatana kwanza juu ya tokeni. Gari litengewe soketi yake, na fundi wa umeme ahakikishe waya wa ardhini upo. Kebo ya kuunga isitumike usiku kucha. Moto haubagui mwenye nyumba na mpangaji.

Wanaonunua kwa murabaha wanayo nafasi njema. Benki hulimiliki gari kwanza, ndipo ikawauzia kwa faida inayojulikana. Basi ripoti ya betri iwe mezani kabla ya sahihi. Sheria yetu humtaka muuzaji aidhihirishe aibu ya bidhaa, na aliyefichwa aibu ana haki ya kuirejesha. Haki hiyo ni rahisi kudaiwa iwapo maneno ya muuzaji yameandikwa.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Muuzaji asiyekubali betri ipimwe amekwisha kuwajibu. Mshukuruni, mwende zenu.