Kupona Ebola si kosa

Vijana wa Kanyabayonga, Butembo na Beni, tuambiane ukweli. Ebola ya 2018 mpaka 2020 iliua watu 2.287 hapa kwetu na Ituri, lakini zaidi ya 1.100 walipona. Wengine kurudi kazini wakakuta nafasi yao imepewa mtu, ao wateja wanawakimbia. Tena mwili haurudishi nguvu siku moja: macho na viungo vinaendelea kuuma.

Sheria ya Kazi ya 2002 iko wazi: ugonjwa unasimamisha kontra, hauivunji. Patro, pokea mtu wako, umpe kwanza kazi nyepesi. Wewe uliyefukuzwa, usinyamaze: peleka kesi ku Inspeksio ya Kazi. Na sisi wenzake? Tukae naye, tule naye, tununue kwake. Aliyeshinda Ebola asishindwe na sisi.